Siku Dada Pindo Alipokalia Ngazi

Dada yangu mkubwa tumemzika mwezi uliopita katika makaburi ya kanisa, kando ya mumewe. Mchungaji alimsifu kwa unyenyekevu wake. Mimi nilikaa kimya, maana kwenye mazishi mtu habishi, lakini moyoni nilimwambia Mungu, Baba, wewe unamjua vizuri zaidi. Dada hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alikuwa mcha Mungu, alikuwa na huruma, ila mdomo aliokuwa nao ulimtosha yeye na majirani. Na ninamshukuru Mungu kwa mdomo ule, kwa sababu bila huo, mji wetu ungekuwa unapanda ngazi mpaka leo kwa ajili ya kuongea na simu.

Watu walimwita Pindo. Jina hilo alilipata angali msichana, alipokuwa akijifunza kushona kwa fundi mmoja mkali ambaye hakumpa kazi nyingine ila mapindo. Basi akapinda, akapinda, mpaka wateja wakawa wanasema nguo yangu apewe yule wa pindo. Alipofiwa na mumewe, mtoto wake wa pekee akiwa bado mdogo, alikodi chumba kile kirefu kinachotazamana na soko. Sakafu yake ilikuwa ya saruji yenye nyufa, na sindano ikianguka humo ilikuwa haionekani tena. Katikati aliweka meza ya kukatia, kandokando ya ukuta akapanga vyerehani. Mimi mdogo wake nilikuwa wa vifungo na vitundu vyake. Wengine walikuwa wajane kama yeye, na wake wa watu ambao waume zao walikwenda kutafuta kazi mbali na hawakurudi. Tulishona sare za shule.

Ili nieleweke, lazima niseme kidogo habari za simu. Zamani nchi yetu ilikuwa na shirika moja tu la simu, la serikali. Mtu alikuwa anaomba laini akiwa kijana, anafungiwa ana wajukuu. Kisha serikali ikabadilisha sera, makampuni binafsi yakapewa leseni, na kweli mambo yakaenda mbio. Lakini kampuni hufuata wateja. Minara ikajengwa mijini na kandokando ya barabara kuu, na sisi wa bondeni tukabaki. Mtandao ulitufikia kama harufu ya chakula cha jirani: unaisikia vizuri, ila huli.

Palikuwa na mahali pamoja tu. Nyuma ya mashine ya kusaga nafaka kulikuwa na tangi la maji lililosimama juu ya nguzo za chuma, na ngazi ya kupandia. Ukifika juu kwenye jukwaa ukaugeukia upande wa barabara kuu, simu inashika. Tukapaita Ghorofani. Ukimuulizia mtu nyumbani kwake unaambiwa yuko Ghorofani. Na kwa kuwa kule juu ilibidi kupaza sauti, hapakuwa na siri. Uchumba ulivunjika mji mzima ukisikiliza. Mwenye mashine aliona fursa, akaweka benchi chini ya tangi na kuuza soda kwa waliokuwa wakingoja zamu, na kwa waliokuja kusikiliza tu.

Baadaye serikali ikaleta sera nyingine. Kila kampuni ya simu ilitakiwa kutoa sehemu ya mapato yake iingie kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo ujenge minara katika sehemu ambazo biashara peke yake isingefika. Mamlaka ya Mawasiliano ikatuma watu wa kupima, ili ijulikane ni wapi pamefikiwa na ni wapi bado. Wakafika kwetu.

Sasa sikiliza tulichofanya. Wageni wamekuja na gari safi, wamevaa vizuri, wanauliza kama tuna mtandao. Nani angekubali kuuaibisha mji? Mwenyekiti wa mji wetu, kaka wa marehemu mume wa Dada, alisimama kwa kifua mbele akasema mji wake umeendelea, mtandao upo wa kutosha. Wageni wakaomba kuuona. Na Dada Pindo, Mungu amsamehe, ndiye aliyewashika mkono akawapeleka Ghorofani, akawapandisha, akapiga simu kwa mwanawe mjini mbele yao. Kijana akapokea. Tuliokuwa chini tukapiga makofi kama harusini. Wageni wakapima, wakanywa soda, wakaondoka. Jioni ile tulijisikia watu wakubwa.

Msimu wa sare ulipofika ndipo tulipoanza kuumia. Mteja wetu mkubwa alikuwa mwenye duka la sare katika mji mkuu, mtu mwenye maneno machache lakini mwaminifu. Siku moja asubuhi shule moja ilimbadilishia kola, naye akampigia Dada asubuhi hiyohiyo ili asikate. Simu ya Dada ilikuwa pale mezani, karibu na mkasi, kimya kama jiwe. Sisi tukakata. Mchana alipopanda Ghorofani, ujumbe ulimwagika kwenye simu mfululizo, naye akashuka ngazi taratibu akishikilia chuma kwa mikono yote miwili, nikajua mambo yameharibika. Majora yote ya kitambaa yalikuwa yameshageuka vipande vya kola isiyotakiwa na mtu.

Dada alipopanda tena kumpigia, yule mteja hakumtukana. Alimwambia hivi, nasi tuliokuwa chini tulisikia majibu ya Dada tukajaza yaliyobaki: "Mama, mshono wako naupenda. Lakini siwezi kufanya biashara na mtu ninayempata kwa maombi." Akampa msimu mmoja. Kama hadi mwisho wa msimu ule atakuwa bado hapatikani kazini kwake, kazi ataipeleka kwa mafundi walio karibu na barabara kuu.

Mwanawe alifurahi kidogo, nadhani, ingawa alificha. Alikuwa anamsihi mama yake siku nyingi afunge chumba kile ahamie kwake mjini, chumba cha kulala kipo, mkwe anamsubiri. Dada akamuuliza atakwenda kufanya nini huko, kukaa kwenye kochi akitazamana na mkwe mpaka mmoja wao achoke? Kisha akaingia kazini akawatazama wale wanawake mmoja mmoja, wakiwa wameinama kwenye vyerehani. Akifunga, wao hawana mwana mjini wa kuwapokea. Nilimwona akijifuta uso kwa kipande cha kola.

Haikupita muda, redio ikasoma majina ya maeneo yaliyokuwa yamependekezwa kujengewa minara. Tulikuwa tumezima vyerehani tusikilize. Jirani zetu wa ng'ambo ya kilima walitajwa. Sisi hatukutajwa. Kuna mtu sokoni alishangilia, akasema mmeona, sisi si wa nyuma kama wale. Dada akanigeukia akaniuliza kama nimesikia mwendawazimu yule anashangilia nini.

Alikwenda wilayani kuuliza. Akaelezwa kwa upole kwamba mji wetu umewekwa kwenye waliofikiwa, kwa sababu waliopima walionyeshwa mtandao na simu ikapigwa ikapokelewa. Kila kitu kilikuwa kweli. Ila orodha ilikuwa bado haijafungwa. Mamlaka itakaa wilayani kusikiliza pingamizi, na mji wenye pingamizi uje na mwenyekiti wake aseme mwenyewe kwamba watu wake hawajafikiwa.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Alimkuta shemeji yake mwenyekiti barazani amevaa koti, ingawa hakuwa anakwenda popote, akamweleza.

"Shemeji, yaani unataka tuandikwe pamoja na wale wa ng'ambo ya kilima?"

"Nataka."

"Wale wanaotucheka kila siku?"

"Wataendelea kutucheka, shemeji, ila watatucheka kwa simu wakiwa wamelala kitandani. Na sisi tutawajibu kutoka kwenye tangi."

Mwenyekiti akasema yeye aliwaambia wageni mbele ya watu kwamba mji wake umeendelea. Leo arudi akaseme alidanganya?

"Hukudanganya. Ulipiga pasi kitambaa ambacho hakijashonwa. Na mimi ndiye niliyekuletea makaa. Twende wote tukaseme."

Hakukubali. Alisema atakwenda, ndiyo, lakini atakwenda kulinda jina la mji, si kulichafua. Dada alirudi nyumbani tukapiga magoti wote wawili kando ya kitanda chake. Aliomba Mungu amlainishe yule mtu, au amnyamazishe, lolote litakalokuwa jepesi kwake.

Ukumbi wa wilaya ulikuwa umejaa watu wa kila mahali. Mwenyekiti wetu alikaa mstari wa mbele na koti lake. Pale wilayani mtandao ulikuwa mwingi, na alipokaa tu simu yake ikaanza kulia mfukoni, mlio mmoja baada ya mwingine, watu wakageuka kumtazama. Ilikuwa ni ujumbe wa siku nyingi uliokuwa ukimngoja huko hewani. Aliitoa, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Akampa Dada amsomee.

Dada alisoma kimya kwanza. Kisha akamwinamia sikioni, nami niliyekuwa nimekaa nyuma yao nikasikia. "Shemeji, binti yako amejifungua tangu Jumapili. Wa kiume. Anauliza kwa nini humjibu, kama umemkasirikia."

Shemeji aliichukua simu akaishika kwa mikono miwili juu ya magoti, vile mtu anavyoshika kifaranga.

Tulipoitwa, mbele alikuwa amekaa afisa wa Mamlaka, mama wa makamo mwenye sauti ya kawaida. Akasema kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba kwetu kulipimwa, na kuna mwananchi aliyepiga simu ikapokelewa.

"Ni kweli," Dada akasema. "Ni mimi niliyepiga."

Ukumbi ukacheka. Afisa naye akatabasamu akauliza, sasa pingamizi lenu ni nini?

"Kwamba hatuishi kwenye tangi."

Akaeleza yote, ngazi, soda, makofi, kola zilizokatwa vibaya. Hakujipunguzia. Alisema wageni walifanya kazi yao, sisi ndio tuliowaonyesha sebule tukafunga mlango wa jikoni. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanajifuta machozi, lakini yule afisa hakuwa anacheka tena, alikuwa anasikiliza. Akasema sera yenyewe iko wazi: mtandao umfikie mtu pale anapoishi na pale anapofanyia kazi. Halafu akamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mji wako una mtandao au hauna?"

Shemeji alisimama. Nilimwona mgongo tu, lile koti likipanda na kushuka. Nikaanza kuomba kwa haraka bila hata mpangilio.

"Hatuna," alisema. Kisha kama mtu aliyetua mzigo: "Nimekuwa babu tangu Jumapili, mheshimiwa, nimejua hapa kwenye kiti chako. Hatuna mtandao. Tuandike."

Hakuna aliyecheka. Afisa alisema maneno peke yake hayatoshi kubadili kumbukumbu. Timu itakuja kupima upya. Ila akatuonya kwamba wakikuta yaleyale ya mwanzo, orodha itafungwa na hatakuwa na la kufanya.

Ungedhani baada ya hapo tumejifunza. Hatukujifunza. Siku ya kuja wale wapimaji, asubuhi mapema, mwenye mashine alifagia ngazi ya Ghorofani hatua kwa hatua. Akatandika mkeka juu ya jukwaa na kupandisha viti. Nilipomuuliza alisema wageni ni wageni, hawawezi kuachwa wasimame chini kwenye vumbi. Hata mwenyekiti, aliyekuwa amesema ukweli wote ule wilayani, nilimsikia akisema labda wapandishwe kidogo tu waone mandhari. Mazoea ya kumpa mgeni kilicho bora yalikuwa yametuingia kwenye damu, na yalikuwa yanakwenda kutumaliza.

Dada hakubishana na mtu. Alikwenda kazini, akabeba rundo la sketi za shule ambazo hazijapindwa, akaja nazo begani, akakaa kwenye hatua ya chini ya ngazi ile. Akalitanua gauni lake upande huu na upande huu mpaka hapakuwa na nafasi hata ya paka kupita. Akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kupinda.

Gari lilipofika, yule afisa alikuwamo pamoja na mafundi wake. Fundi mmoja, aliyekuja pia mara ya kwanza, alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi kama mtu anayerudi kwao.

"Shikamoo mama. Tunaomba kupita."

"Marahaba, mwanangu. Mtapita mkishamaliza huku chini."

"Lakini mama, vipimo vya mwanzo vilikuwa juu."

"Ndiyo maana nimekaa."

Mwenye mashine akamsogelea akamnong'oneza kwamba anaaibisha mji. Dada akamjibu bila kuinua macho kwamba kama soda zake zina haraka ya kunywewa, aziteremshe. Watu wakaanza kucheka, na kicheko kile kilitusaidia, maana mtu akishacheka hawezi tena kujifanya mkubwa. Afisa alitazama ngazi iliyofagiwa, akatazama viti vilivyoko juu, akamtazama Dada na sketi zake. Akawaambia mafundi waanzie mahali watu wanapofanyia kazi.

Niliwaongoza mimi. Waliweka kifaa chao kwenye meza yetu ya kukatia, hakuna kitu. Zahanati, muuguzi akasimama pembeni akieleza jinsi anavyofunga mlango akaacha wagonjwa ili akaagize dawa akiwa juu ya tangi, hakuna kitu. Darasani, hakuna. Sokoni kulikuwa na dalili kidogo, wote tukawa roho mkononi, kisha ikapotea. Barazani kwa mwenyekiti, yeye mwenyewe akiwa amesimama pale mlangoni, kifaa hakikuonyesha chochote. Sijawahi kuona mtu anafurahi hivyo kwa sababu nyumbani kwake hakuna kitu.

Waliporudi, Dada alikuwa ameshapinda nusu ya rundo. Alikata uzi kwa meno, akakunja sketi, akainuka. "Sasa karibuni juu," akasema. "Upepo mzuri."

Walipanda kweli, wakapima, wakakaa kwenye viti vya mwenye mashine. Na yule afisa, kwa kuwa alikuwa na jambo la nyumbani, alipiga simu yake palepale. Ilibidi apaze sauti kama sisi sote. Ndivyo mji mzima ulivyojua kwamba mume wake amesahau kumchukua mtoto shuleni. Aliposhuka alikuwa anajicheka mwenyewe, akamshika Dada mkono, akasema sasa ameelewa pingamizi lile bila kusoma.

Orodha ya mwisho ilisomwa redioni siku tukiwa kazini. Jina la mji wetu lilipotajwa miongoni mwa wale ambao hawajafikiwa, wanawake wale waliinuka kwenye vyerehani wakapiga vigelegele mpaka watu wa sokoni wakaja mbio. Hakuna mahali duniani, nadhani, watu waliposhangilia hivyo kwa kuambiwa wako nyuma. Dada alipiga magoti kwenye sakafu ile ya nyufa akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akatuambia turudi kwenye mashine, sare hazijishoni.

Mnara ulijengwa juu ya kilima, katikati yetu na wale jirani zetu, ukatuhudumia wote. Sera haikuruhusu kampuni moja kuumiliki peke yake. Makampuni yalitakiwa kuutumia pamoja, na kwa kuwa yalikuwa mengi juu ya mnara mmoja, yalianza kutugombania kwa bei nafuu. Msimu ambao mteja wetu alikuwa ametupa ulikuwa haujaisha. Siku ya kwanza mtandao uliposhika, simu ya Dada ililia pale mezani, karibu na mkasi. Chumba kizima kikasimama.

"Mama, leo umepokea haraka. Uko juu ya tangi?"

"Niko kazini," akasema. Alisema maneno hayo polepole, akiyafaidi. "Nipe kazi."

Alimpa. Msimu uliofuata alimpa zaidi, na akaleta wenzake. Vyerehani vikaongezeka mpaka tukabomoa ukuta tukaingia chumba cha pili. Malipo yakawa yanaingia kwa simu, na wanawake wale ambao benki haikuwahi kuwajua majina wakaanza kuweka akiba na kukopa kwa jina lao wenyewe. Wakulima wakawa wanauliza bei ya mjini kabla ya kupakia mazao. Mwenye mashine, aliyelia kwamba tumemuua, aligeuza benchi lake kuwa duka la vocha na kuchaji simu, na siku hizi anasema mnara ulikuwa wazo lake. Mimi nina elimu ya sekondari tu, na wataalamu wanayo maneno yao juu ya uchumi wa nchi. Ninachojua ni kwamba tulikuwa tuleule, mikono ileile, na bonde lilelile. Kilichobadilika ni kanuni moja iliyoandikwa mbali na kwetu, na mtu mmoja aliyekaa kwenye ngazi mpaka ikatufikia.

Dada aliugua muda mfupi. Mwanawe aliitwa kwa simu asubuhi, akawa amefika kabla giza halijaingia, wakakaa wameshikana mikono. Dada hakuwahi kuhamia kwake. Siku yake ya mwisho alilala chumbani, nami nimekaa kwenye ukingo wa kitanda namsomea zaburi, simu yake ikalia juu ya meza ndogo. Nilitaka kuizima. Akanitazama kwa jicho lile kali nililolijua tangu utotoni, akanionyesha kwa kidole nipokee. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa shule fulani ya mbali, anaulizia kama bado tunashona.

Nilimwangalia dada yangu. Nikamjibu yule mwalimu kwamba tunashona, alete vipimo.